Maswali ya chenso: tazama meno kabla hujagusa kabureta

Mvua zimepungua, kazi za miti zimerudi, na barua nazo zimerudi. Nimechagua zinazowagusa wakataji wengi wanaotumia chenso, misumeno yetu ya injini. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha, nimebakiza mji tu.

Shikamoo fundi. Chenso yangu imeishiwa nguvu. Nikiiwasha inaunguruma vizuri, ila ikigusa gogo inazama kidogo halafu inagoma. Nizungushe skrubu ipi ya kabureta? (Iringa)

Marahaba. Weka bisibisi chini kwanza.

Swali hili huja karibu kila mwezi, na kila mwezi muulizaji ameshaamua kwamba ugonjwa uko kwenye kabureta, anachotaka kwangu ni jina la skrubu tu. Ndugu zangu, mashine inayounguruma vizuri hewani na kugoma kwenye mti mara nyingi haina kosa kwenye injini. Kosa liko nusu mita mbele yake, kwenye meno.

Tazama kinachotoka unapokata. Cheni kali hutupa maranda, vipande unavyoweza kuvihesabu kiganjani. Cheni butu hutoa unga. Mti mkavu hutoa maranda madogo kuliko mti mbichi, ni kweli, lakini hata huo hautoi unga wa kusongea ugali. Ukiona unga, zima mashine. Kila dakika unayoendelea hapo unaikandamiza injini kwa uzito wa mwili wako, unapasha moto baa, lile bapa la chuma linalobeba cheni, unakula klachi, na jioni utaniambia mashine ni feki.

Ili unielewe ninaposema meno, ujue jino linafanya nini. Cheni za zamani zilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, yakikwaruza mti kwa mbele. Mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkataji mmoja aitwaye Joseph Cox alimwona funza wa mbawakawa akitafuna kigogo. Yule funza hakukwaruza, alikata kwa taya, kushoto na kulia. Cox akatengeneza cheni ya kumuiga, jino moja linatazama kushoto, linalofuata linatazama kulia, na hiyo ndiyo cheni iliyo kwenye mashine yako leo. Kinachokata ni ile kona ya juu ya jino pale mbele. Kona hiyo ikishazungushwa na mchanga, jino lililobaki ni kipande cha chuma kinachosugua mti.

Sasa noa. Chana kisiki kidogo, ingiza ncha ya baa humo isimame imara, weka breki. Chagua jino fupi kuliko yote na uanze na hilo. Tupa ya kunolea ilale sawasawa, mstari wa nyuzi 30 uliochorwa mgongoni mwa jino ukuongoze, na sehemu moja ya tano ya tupa ionekane juu ya jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje. Ukirudi, inua. Usiiburute tupa kurudi nyuma kama unayepiga msasa, unaiua. Misukumo 3, simama, geuza jino kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari mweupe unaong'aa kwenye makali, bado ni butu, kwa sababu makali ya kweli hayarudishi mwanga. Ongeza misukumo 2. Mstari ukipotea, hesabu misukumo uliyopiga na uyape meno yote ya upande huo idadi ile ile. Kisha hamia upande wa pili.

Kila baada ya kunoa mara tatu au nne, pima nundu. Nundu ni ile bonge iliyo mbele ya kila jino, ndiyo inayoamua jino lizame kiasi gani. Kwa cheni nyingi tunazotumia, iwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kuna kipande cha bati cha kupimia, kinauzwa palepale zinapouzwa tupa. Usipime kwa jicho. Nundu ikiwa juu, cheni kali haikati. Ikiwa chini mno, jino linauma kipande kikubwa kuliko linavyoweza, mashine inaruka mikononi, na siku moja itakurukia usoni.

Ukishanoa na bado inagoma, ndipo ufungue filta ya hewa uikung'ute na kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uiache ikauke kabisa. Halafu tazama kama ekzosi imezibwa na masizi, halafu plagi, mwanya wake uwe milimita 0.5. Kabureta ni ya mwisho, na si ya kila mtu. Ukikaza ile skrubu yenye herufi H mashine italia kwa nguvu na wewe utafurahi. Kilichotokea ni kwamba umeipunguzia petroli, na pamoja na petroli umeipunguzia oili. Italia hivyo siku mbili tatu, kisha itanoki, yaani pistoni itakwama.

Fundi, petroli na oili ya 2T ninachanganya kwa kizibo cha chupa. Vizibo vingapi kwa lita 5? (Kahama)

Kizibo si kipimo. Oili nzuri ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili kama chenso, ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa lita 5. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, ulitunze kwenye boksi la zana. Kama oili huijui ilikotoka na chupa haisemi kiwango chake, weka mara mbili, mililita 40 kwa lita, na wiki ijayo tafuta oili nzuri. Changanya kwenye kidumu, kamwe usichanganye ndani ya tangi la mashine. Tikisa kabla ya kumimina. Mchanganyiko uliozidi mwezi mmoja usiutie kwenye chenso.

Na petroli inunuliwe kituoni, kwenye pampu. Neno kuchakachua lilienea nchini kwetu kwa sababu ya mafuta ya magari kutiwa mafuta ya taa. Gari linaweza kukohoa likaendelea. Injini ndogo inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika haina subira hiyo. Petroli ya chupa za barabarani iliyoanikwa juani tangu asubuhi siitii kwenye mashine yangu hata nikiwa nimekwama.

Habari fundi. Sisi tunalainisha cheni kwa oili chafu tunayopewa bure gereji. Bosi anasema oili ni oili. Ni kweli? (Tanga)

Si kweli, na kwa hili nitakaa kidogo.

Oili chafu ni oili iliyotolewa kwenye injini ya gari kwa sababu imeshindwa kazi. Ndani yake kuna chembe za chuma zilizosagika, masizi, na asidi ya moto wa injini. Unaichukua hiyo, unaipitisha kwenye pampu ndogo ya chenso yenye kitundu chembamba kuliko njiti ya kiberiti, halafu unashangaa kwa nini baa imekuwa ya buluu na cheni imelegea siku ya tatu. Nimefungua pampu nyingi za namna hiyo. Ndani hukuta ugoro mweusi, na chini yake chuma kimechimbika kama kimepigwa tupa.

Hayo ni ya mashine, na mashine hununuliwa. Kuna ya mwili wako. Chenso haina mahali pa kurudishia oili ya cheni. Yote inayotoka kwenye tangi hurushwa, tangi zima kila unapomaliza tangi la petroli. Inatua kwenye maranda, kwenye suruali, kwenye mikono na shingo. Madaktari wanaonya kwamba oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani ya ngozi. Mkataji anayeipaka mwilini siku sita za wiki kwa miaka 10 hajapewa kitu cha bure.

Halafu kuna mwenye uwanja. Unapogoa mwembe, chini kuna mchicha wake na kisima kiko hatua 20. Umemwagia oili ya gari kwenye mboga za watoto wake, naye hajui.

Tumia oili ya cheni yenyewe, ile inayonata. Ikikosekana mjini kwenu, oili mpya ya injini ya namba 30 inafaa, hainati vizuri lakini ni safi. Wako wanaoniuliza kuhusu mafuta ya alizeti. Yanalainisha, Ulaya wanauza oili za cheni zinazotokana na mimea, na chini ya miti ya matunda nayapenda kuliko oili yoyote ya gari. Ila alizeti ikikaa inaganda kama gundi. Ukiyatumia, usiiache mashine wiki nzima imekaa nayo. Kabla ya kuihifadhi, endesha dakika chache kwa oili ya kawaida ili isafishe njia.

Na kila asubuhi jaribu. Elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe au karatasi, umbali wa kiganja kilichokunjuliwa, ongeza moto kidogo. Mstari wa oili lazima ujichore. Usipoona mstari, hakuna kukata.

Mashine yangu niliifanyia tyuni Mafinga, ilikuwa inakata kama wembe. Nimeshuka nayo Dar kupogoa miti ya viwanja, wiki ya pili imenoki. Fundi wa huku anasema nilisahau kutia oili. Sikusahau. (Dar es Salaam)

Nakuamini, na fundi wako alipaswa kukuuliza ulikotoka kabla ya kukulaumu.

Mafinga iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Mashine iliyopimwa pwani ikipanda huko inakosa hewa ya kutosha kwa petroli inayopewa, inatoa moshi na kuzubaa. Kwa hiyo fundi wa Mafinga amepunguza petroli, na amefanya sawa kabisa. Wewe ukashuka nayo hadi baharini, hewa ni nzito, na skrubu ikabaki pale pale. Sasa hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Injini ikachemka, na kwa kuwa oili ya pistoni huja ndani ya petroli, ulainisho nao ukapungua. Uliweka mililita zako 20 kwa lita kama inavyotakiwa, ila lita zenyewe hazikufika ndani.

Mashine yenye njaa ya petroli hujitangaza. Hulia kwa sauti nyembamba kama nyigu, na ukiachia moto haishuki mara moja, hubaki juu sekunde kadhaa. Ukisikia hivyo, zima. Wanaopanda na kushuka kati ya Sao Hill na pwani, au Lushoto na Tanga mjini, wafanye marekebisho kila wanapobadilisha mwinuko mkubwa, kwa fundi mwenye kipima mizunguko. Mashine mpya zenye kabureta ya kompyuta hujirekebisha zenyewe. Hizi zetu za kawaida hazina akili hiyo.

Uking'oa silinda utaona pistoni imechubuka upande wa ekzosi. Ikiwa michubuko iko upande wa kuingizia hewa, hapo ni habari nyingine, ni vumbi, na wa kulaumiwa ni filta.

Cheni inanipeleka upande, nikikata gogo nene mkato unajipinda kama ndizi. (Njombe)

Meno ya upande mmoja ni mafupi au ni butu kuliko ya upande wa pili. Wengi wetu tuna mkono wenye nguvu, ule upande wa mkono huo tunaunoa zaidi bila kujua. Ndiyo maana nikasema uhesabu misukumo. Yasawazishe meno yote yafikie urefu wa jino fupi. Ikiendelea kupinda na cheni nyingine iliyo nzima, basi baa imelika upande mmoja. Isimamishe juu ya kioo au meza ya marumaru kwa kingo zake. Ikiegemea upande, kingo hazilingani, zipigwe tupa bapa mpaka zisimame sawa. Na kila unapobadilisha au kunoa cheni, geuza baa juu chini. Anayetumia upande mmoja mwaka mzima ananunua baa mbili kwa kazi ya moja.

Fundi, tunakata minazi iliyokufa huku pwani. Cheni haimalizi hata mnazi mmoja, lazima ninoe katikati. Nimeuziwa cheni mbovu? (Bagamoyo)

Hapana kaka. Mnazi ndivyo ulivyo. Ganda lake la nje ni gumu kuliko watu wanavyodhani wakiangalia ule moyo laini wa ndani, na juu ya hapo mti wa pwani umepigwa na upepo wenye mchanga miaka yote. Hakuna cheni inayopenda mchanga.

Unachoweza kufanya ni hiki. Angalia kama cheni yako ni ya meno yenye kona kali ya mraba. Hiyo ni ya haraka kwenye mti safi, ila kona yake hufa mara moja ikigusa mchanga. Omba ya kona iliyozungushwa kidogo. Inakata polepole kidogo, inadumu zaidi, na kunoa kwake ni rahisi. Kabla ya kukata shina, lichambue kwa panga pale baa itakapopita, utoe maganda na mchanga ule mkanda mmoja tu. Dakika mbili za panga zinakuokolea dakika 15 za tupa. Usikate chini kabisa kwenye mizizi, acha kisiki kirefu kidogo, mwenye shamba atakuelewa ukimweleza.

Na nyuzi za mnazi. Hizo zinaingia chini ya kifuniko cha klachi na kujisokota kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linaloivuta cheni, mpaka cheni inatoka kwenye mfereji. Kwa kazi ya minazi, fungua kifuniko kila unapojaza petroli, usisubiri jioni. Ukifungua, tazama na sproketi yenyewe. Alama za cheni zikishachimbika zaidi ya nusu milimita, badilisha. Cheni mpya juu ya sproketi iliyolika inaharibika ndani ya siku chache, na kwa kawaida sproketi moja huendana na cheni mbili, haivuki hapo.

Breki ya cheni inanisumbua, inajifunga yenyewe kila mara. Naweza kuitoa? (Morogoro)

Hapana.

Isafishe. Vumbi la mbao na oili vimejaa kwenye ule mkanda na springi yake. Ikishasafishwa na bado inajifunga ovyo, springi imechoka, inunuliwe. Cheni kwa moto kamili hukimbia mita 20 hivi kwa sekunde, na mashine ikiruka kurudi usoni hakuna binadamu mwenye mkono wa kuwahi kasi hiyo. Breki ndiyo inayowahi. Kila asubuhi ifunge, ongeza moto kwa sekunde zisizozidi 3, cheni isitikisike hata jino moja. Wenye zile chenso kubwa za Stihl 070 za zamani zisizo na breki kabisa, hizo zibaki kwenye kupasua mbao, tena kwa mtu aliyezizoea. Msipande nazo mtini.

Cheni yangu inazunguka polepole hata nikiwa nimeachia moto. Si tatizo kubwa, au? (Moshi)

Ni tatizo kubwa.

Miaka mingi iliyopita, hapo hapo Moshi, nilikuwa juu ya mjakaranda, mita kama 9 kutoka chini. Chenso ndogo ya kupandia nilikuwa nimeining'iniza kiunoni ikiwa hai, nahamisha kamba kwenda tawi la pili. Cheni yake ilikuwa inatambaa, hivyo hivyo kama yako, na mimi nilijua tangu jana yake. Nilisema nitaitazama jioni. Nikasikia harufu ya nailoni kuungua kabla sijaona kitu. Nilipotazama chini, nyuzi za nje za kamba iliyonishika zilikuwa zimekatika, zimesimama kama nywele. Kijana aliyekuwa chini alinitupia kamba ya pili. Nilishuka, nikakaa chini ya ule mti, na siku hiyo sikupanda tena.

Punguza skrubu ya moto mdogo kwa robo mzunguko, tazama. Cheni ikiendelea kutembea wakati injini imeshatulia chini, springi ya klachi imekatika au imelegea. Funga kazi mpaka ibadilishwe. Na ukiwa juu ya mti, kabla ya kuining'iniza mashine, breki ifungwe. Ukihama tawi, izimwe.

Sisi ni vibarua watano chini ya mkandarasi. Anasema matengenezo ni Jumamosi, siku za kazi ni kukata tu. Tunamjibuje? (Dodoma)

Mwonyesheni jibu hili, nitamwandikia yeye.

Mheshimiwa mkandarasi, dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa kila mashine si muda wa kupumzika, ni sehemu ya kazi, na zilipwe kama kazi. Asubuhi mkataji anajaribu breki, anatazama mstari wa oili, anapima mkazo wa cheni ikiwa baridi huku ameinua ncha ya baa, anahakikisha kile kipande kidogo cha kudaka cheni ikikatika bado kipo, anakaza nati zilizolegea kwa mtikisiko. Jioni anafungua kifuniko, anakwangua mfereji wa baa na kitundu cha oili, anakung'uta filta, ananoa, na analegeza cheni kabla ya kuondoka. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto husinyaa ikipoa, na usiku kucha inaivuta krenki na beringi zake.

Jumamosi ni ya mambo mazito: plagi, filta ya petroli ndani ya tangi, mapezi ya silinda yaliyojaa vumbi la mbao, kamba ya kuwashia iliyoanza kuchanika. Haichukui nafasi ya kila siku. Ukimlipa mtu kwa idadi ya miti bila kumlipa muda wa tupa, umemwambia akate kwa cheni butu, na mtu anayesukuma cheni butu tangu asubuhi, saa tisa mchana amechoka, na ajali nyingi nilizoziona zilikuwa za saa hizo. Bei ya silinda na pistoni inanunua cheni kadhaa na tupa nyingi sana. Bei ya mguu siijui, na wewe huijui.

Na mpe kila mkataji cheni tatu, si moja. Inapokuwa butu juu ya kazi abadilishe, anoe zote mahali penye kivuli, ameketi.

Nikimaliza siku vidole vinakufa ganzi na wakati mwingine vinakuwa vyeupe asubuhi ya baridi. Ni uzee? Nina miaka 34. (Mbeya)

Si uzee, mwanangu, ni mtikisiko. Nenda hospitali, mweleze daktari wazi kwamba kazi yako ni chenso na umeifanya miaka mingapi, maana akikutazama bila kujua hilo anaweza kukupa dawa ya baridi. Ugonjwa huu ukishakomaa haurudi nyuma, kwa hiyo usisubiri.

Kwenye mashine, kati ya mishikio na injini kuna mipira au springi za kunyonya mtikisiko. Shika mshikio, sukuma huku na huku. Ukicheza kama jino bovu, mipira imepasuka. Ni vitu vya bei ndogo na ndivyo watu husahau kuliko vyote. Cheni butu na nundu zisizolingana huongeza mtikisiko. Vaa glavu, mikono iwe na joto, pokezaneni mashine.

Chenso za betri hazina haja ya matengenezo, sivyo? (Arusha)

Hazina plagi wala filta ya petroli. Cheni, baa, sproketi, oili ya cheni na breki ni vile vile, na ubutu wa cheni unaumaliza moto wa betri kabla ya saa sita mchana.

Mimi si mkataji, nina miembe miwili mikubwa karibu na nyumba. Nitajuaje kama hawa vijana wanaokuja kupogoa wanaijua kazi? (Kigamboni, mama mwenye nyumba)

Nashukuru kwa swali hili mama, ningependa kila mwenye nyumba aulize.

Usitazame ukubwa wa mashine. Watazame dakika 10 kabla ya kazi. Je, kuna aliyekaa chini na tupa? Je, wamejaribu breki? Waulize oili ya cheni ni ipi na uombe kuiona, ikiwa nyeusi kama lami wakataze wasiimwage uwanjani kwako. Anayepanda awe na kamba mbili, kofia, na miwani. Wakianza, sogea mbali, kisha baadaye okota kinachodondoka. Maranda makubwa, mpo salama. Unga wa rangi ya kahawia na moshi unaotoka kwenye mkato, waombe wasimame wanoe. Watakuona msumbufu. Vumilia.

Na kama tawi lolote linagusa au linakaribia waya wa umeme, wasiguse kabisa, hata wakikuapia kwamba wamezoea. Toa taarifa TANESCO kwanza, wazime au walikate wao.

Tupa moja inanoa mara ngapi kabla ya kutupwa? (Songea)

Sina hesabu kamili, inategemea cheni na mkono. Ipitishe kwenye jino: ikiuma na kutoa unga wa chuma, bado nzima. Ikiteleza na kupiga mluzi, itupe. Usiipake oili, na usiibebe imechanganyika na spana kwenye mfuko mmoja, meno yake yanavunjika kwa kugongana. Mimi yangu naiweka ndani ya kipande cha mpira wa maji, urefu wa kalamu mbili. Na hakikisha ni saizi ya cheni yako. Cheni ya inchi 3/8 kubwa mara nyingi huchukua tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji, ya inchi .325 huchukua 4.8, na zile ndogo za 3/8 nyembamba kwenye chenso za kupandia huchukua 4. Imeandikwa kwenye boksi la cheni, boksi mnalolitupa dukani.